Tupeane uzoefu: kukunja flatibari ya aluminiamu bila mashine

Fundi wa Langoni
Assalaam aleikum. Nimeletewa mshikio wa turubai la boti uliopasuka palepale penye kunjo, na mwenyewe anataka nimtengenezee mwingine unaofanana na ule ule, kwa sababu anaamini kilichouvunja ni mawimbi ya kusi tu. Ni flatibari ya upana wa milimita 40 na unene wa milimita 6, iliyobanwa kwenye jiliwa na kugongwa kwa nyundo mpaka ikashika pembe mraba, kona yake ya ndani ikiwa kali kabisa. Kwa nje kunjo limekwaruka kama ganda la chungwa, na mmoja katika nyufa zake umekula karibu nusu ya unene. Tangu boti za faiba zijae hapa Lamu, kila mtu ana kipande cha aluminiamu anachotaka kikunjwe, na wengi wetu karakana zetu ni jiliwa moja, nyundo na tupa, tena uani mwa nyumba. Mwenye kisa akieleze, na mwenye njia aitaje.

Mkomani Juu
Kisa changu ni hicho hicho. Ilikatika mkononi kabla ya kufika hata nusu ya kunjo, nikajua nimeuziwa mbovu.

Binti Mambrui
Hukuuziwa mbovu, ndugu yangu, uliuziwa ngumu. Mimi hutengeneza miguu ya paneli za sola huku Malindi, na madukani flatibari huuzwa kwa upana na unene tu. Ukimuuliza muuzaji nambari ya aloi, yaani ya aina ya mchanganyiko wa aluminiamu hiyo, anakujibu kwamba aluminiamu ni aluminiamu. Lakini 6061 iliyofikishwa hali ya T6 imepikwa na kupozwa makusudi ili iwe na nguvu, na bei ya nguvu hiyo ni kwamba haipendi kona kali. 6063, ambayo ndiyo nyingi katika fremu za madirisha, ni laini kidogo kuliko hiyo. 5052 haipati nguvu zake kwa kupikwa, na hujikunja kwa kona ya karibu bila kulalamika.

Ikiwa hujui uliyonayo ni ipi, ichukulie kuwa ni 6061-T6. Kwa unene wa milimita 6, nusu kipenyo cha ndani cha kunjo kisipungue mara tatu na nusu ya unene huo, na mimi huenda mara nne ili nilale usingizi. Bomba la maji la inchi moja na nusu lina kipenyo cha nje cha karibu milimita 48, kwa hiyo ukiizungusha flatibari juu yake umepata nusu kipenyo cha 24 bila hesabu nyingi. Taya tupu za jiliwa hazina nusu kipenyo chochote, zina ncha.

Nahodha wa Mokowe
Sisi abiria wa karakana zenu ndio tunaobaki na turubai mkononi katikati ya mkondo. Niliwahi kuambiwa na fundi mmoja kwamba ule ufa ni «mstari wa kiwandani». Mstari wa kiwandani haukui kila wiki.

Mzee wa Matondoni
Wanangu, sisi wa majahazi tunakunja mbao nene kuliko hiyo na hatuna haraka. Kalibu yangu ni gogo la mti mgumu nililolichonga duara upande mmoja, nikaliacha na kishavu, yaani nafasi tupu, mbele yake ili kunjo lipitilize kidogo. Flatibari inabanwa kati ya gogo na kipande kingine cha mti, halafu inavutwa polepole kwa mkono wake yenyewe ikiwa bado ndefu. Msiikate kwanza mkaikunja baadaye. Ile mita iliyozidi ndiyo nguvu yenu. Mkishakata fupi mnabaki na nyundo, na nyundo hukunja pale inapopiga, si pale mlipopataka.

Abu Siyu
Mzee amesema kweli kuhusu kupitiliza. Ukakamavu wa aluminiamu ni kama theluthi moja tu ya ule wa chuma, kwa hiyo ukiiachia inarudi nyuma kuliko chuma cha nguvu sawa. Anayetaka nyuzi 90 akaishia 90 atapata 85 au pungufu, kisha ataanza kuigonga kuirudisha, na huko kuigonga mara ya pili ndiko kunakofungua ufa. Kunja kipande cha majaribio kutoka katika ubao huo huo wa flatibari, pima kinarudi kiasi gani, kisha ongeza kiasi hicho kwa mkupuo mmoja.

Kijana wa Ngomeni
Mbona mnajitaabisha hivyo? Washa gesi, ipashe mpaka iwe nyekundu, ikunje kwa koleo. Dakika chache umemaliza, na kona unaipata kali utakavyo.

Mpwa wa Shela
Nilikuwa nasoma tu bila nia ya kuandika, lakini hilo neno «nyekundu» limenirudisha mbali. Ami yangu alikuwa fundi wa chuma kwa umri wake wote, na chuma alikijua kwa rangi: nyekundu ya giza anafanya hili, ya machungwa anafanya lile. Siku hiyo alipata kazi ya vishikio vya ngazi ya boti ya wageni, na mteja alitaka aluminiamu kwa sababu ya wepesi. Alifanyia kazi kwenye kiwanda cha nyumba, yaani uani, mahali pa wazi, jua la saa saba likiwa kichwani, na sakafu ya chokaa ilikuwa imetoka kuoshwa kwa sababu ilikuwa Ijumaa. Mimi kazi yangu ilikuwa kushika ncha ya pili kwa koleo.

Akawasha gesi akaanza kuipasha, akingoja wekundu. Hapakuwa na wekundu. Flatibari ilikuwa nyeupe ile ile ya dukani, labda imefifia kidogo tu, naye akawa anasema gesi imekwisha nguvu, akasogeza moto karibu zaidi. Niliona ngozi ya juu imeanza kukunjamana, kama kitu kilichofunikwa utando, nikafungua kinywa nimwambie. Sikuwahi. Kipande kizima kilichokuwa mbele ya moto kiliachia kwa pamoja, kikaanguka kwenye sakafu iliyokuwa ingali na unyevu, na pakalia mlio nilioudhania ni mtungi wa gesi. Matone yaliruka mpaka ukutani. Moja lilipenya kikoi cha ami na kumuunguza paja, jingine likaniingia kati ya kidole na ukanda wa kandambili, na alama yake ninayo. Mama alitoka mbio jikoni akidhani nyumba imeanguka. Sakafuni palibaki shimo la ukubwa wa kikombe cha kahawa, na chokaa yake imebanduka pembeni.

Mkomani Juu
La haula! Ami alipona?

Nahodha wa Mokowe
Na mtungi ulikuwa umbali gani?

Mpwa wa Shela
Alipona, alhamdulillahi, na mtungi ulikuwa nje ya mlango. Alikaa wiki kadhaa akitembea kwa kuchechemea, na wateja wa aluminiamu akawa anawaelekeza kwa watu wengine.

Kijana wa Ngomeni
Kwa heshima ya ami, nadhani kisa kimetiwa chumvi. Unyevu wa sakafu hauwezi kutoboa chokaa. Maji yangekauka tu.

Binti Mambrui
Yangekauka kama yangepata njia. Tone la aluminiamu iliyoyeyuka likiyafunika, maji hugeuka mvuke na kutaka nafasi zaidi ya mara 1,600 ya ile yaliyokuwa nayo, na njia pekee ni kulirusha lile tone. Hata sakafu ya saruji inayoonekana kavu hubeba maji ndani yake; chokaa ndiyo usiseme. Kuhusu rangi, aluminiamu safi huyeyuka kwenye nyuzi 660 za selisiasi, na 6061 huanza kulegea kuwa maji karibu na 580. Kwa joto hilo, mchana wa jua, hakuna jicho litakaloona wekundu wowote juu yake. Anayengoja wekundu anangoja ianguke. Na ule utando aliouona Mpwa ni oksidi ya juu, ambayo huyeyuka kwa joto kubwa sana, zaidi ya nyuzi 2,000, ndiyo maana umbo hubaki limesimama huku ndani kumekwisha kuwa uji.

Kijana wa Ngomeni
Basi watu wote wa gesi ni wajinga?

Fundi wa Langoni
Hakuna aliyesema hivyo, kijana. Gesi ina mahali pake, ila lazima uwe na shahidi wa joto asiyekuwa rangi. Mimi hutumia sabuni ya mche: paka mstari upande usiopigwa na moto, pitisha moto huku unausogeza bila kutua, na sabuni ikigeuka hudhurungi iliyokolea kuelekea weusi, ondoa moto. Acha ipoe, ndipo ukunje.

Maweni Gereji
Sabuni hutofautiana, nyingine huwa nyeusi mapema na nyingine huchelewa. Kalamu ya wino mzito ni shahidi mwaminifu zaidi, kwa sababu mstari wake hufifia na kutoweka wenyewe.

Fundi wa Langoni
Wino nao hutofautiana, na ukitoweka hujui umetoweka sasa hivi au muda uliopita. Sabuni hubaki hapo ukaiona.

Maweni Gereji
Ukiwa unaitazama kazi yako utajua umetoweka lini.

Abu Siyu
Wenye mtungi wa asetilini wana njia ya tatu: fukiza masizi kwa mwale wa manjano usio na oksijeni, kisha ongeza oksijeni uyachome masizi yale taratibu mpaka yaondoke. Ila kwa mabishano haya naona hata masizi yatapata mawakili.

Binti Mambrui
Shahidi yeyote mtakayemchagua, kuna jambo mnaliruka. Mkiipasha 6061-T6 mpaka ikawa laini, mmeondoa ile nguvu iliyowafanya muinunue. Ikilainika kabisa hubaki na karibu sehemu moja kati ya tano ya nguvu yake ya kuhimili bila kupinda moja kwa moja. Kwa kishikio cha kabati hakuna neno. Kwa mshikio unaobeba turubai kwenye upepo, mmeondoa ufa mkaweka ulegevu, nao utapinda pale pale mlipopasha.

Mkomani Juu
Kwa hiyo nikishaikunja niitie kwenye oveni ya keki ipate nguvu tena? Niliona mtu akisema hivyo.

Binti Mambrui
Oveni ya keki inaweza hatua ya mwisho tu, ile ya nyuzi 160 hadi 175 kwa saa nyingi. Kabla yake ni lazima kipande kipashwe mpaka karibu nyuzi 530 kwa usawa na kutumbukizwa majini papo hapo. Bila hatua hiyo utakuwa umepika flatibari na kuinyima familia keki.

Mzee wa Matondoni
Kwa hiyo tumerudi kwenye gogo langu.

Fundi wa Langoni
Tumerudi, Mzee. Na niongeze lililonisumbua zaidi kuliko nusu kipenyo, nalo ni michubuko. Ule mshikio niliouletewa ufa wake ulianzia kwenye mstari uliokwaruzwa kwa msumari, mtu alipotaka kuweka alama ya kunjo. Alama iwekwe kwa kalamu ya wino, tena iwe upande wa ndani wa kunjo, na penseli ya kawaida nayo iachwe, kwa sababu risasi yake ni kaboni na ikikaa na hewa ya chumvi huila aluminiamu. Kingo zilizokatwa kwa msumeno zipigwe tupa na msasa kwa urefu wa flatibari, si kwa kukatisha, mpaka zisikwaruze kidole. Tupa ipakwe chaki kwanza, vinginevyo vipande vitanasa katika meno yake na kuchora mifereji ile ile unayojaribu kuiondoa. Taya za jiliwa zivishwe vipande vya mti au vya pembe ya aluminiamu.

Maweni Gereji
Hapo tunakubaliana, mbali na sabuni. Ila angalieni vipimo, kwa sababu kona pana hubadilisha urefu. Kwa kunjo la nyuzi 90 mimi huchukua nusu kipenyo cha ndani, naongeza sehemu nne za kumi za unene, kisha nazidisha kwa 1.57. Kwa bomba lile la 48 na unene wa 6 ni 24 na 2.4, jumla 26.4, na jibu ni karibu milimita 41 zinazoliwa na kunjo lenyewe. Ukijumlisha pande mbili kwa vipimo vya nje kana kwamba kona ni kali, utakata ndefu kwa karibu milimita 19 kila kunjo. Kwenye mshikio wenye makunjo mawili, mashimo hayatalingana na skurubu.

Nahodha wa Mokowe
Ndiyo maana changu kilitobolewa upya mara kwa mara!

Kijana wa Ngomeni
Swali la kweli, bila ubishi: nataka kuikunja kwa ubavu, yaani ule upana wa 40 ndio uzunguke, ifuate ukingo wa boti. Nitumie kalibu gani?

Abu Siyu
Usitumie yoyote. Upande wa nje utavutika kupita kiasi na wa ndani utajikunja kama pindo la shuka. Kata umbo hilo kutoka katika bamba la unene huo huo, au tafuta flatibari nyembamba zaidi kwa upana na ulifanye pindo liwe pana sana.

Fundi wa Langoni
Kijana, ukikata kwenye bamba nipe mabaki. Nina kazi ndogo za milimita 6. Kwa mshikio huu nimemwambia mwenye boti kwamba hatapata wa kona kali kama ule wa kwanza, kwamba utakunjwa baridi juu ya bomba la inchi moja na nusu, na kwamba turubai litakaa mbele kidogo ya lilipokuwa. Amenung'unika kuhusu sura yake. Binti Mambrui, ikiwa huko Malindi una 5052 ya milimita 6 yenye nambari iliyoandikwa na mwenye kiwanda, niambie bei ya mita, nami nitaagiza kwa basi la Mokowe.

Binti Mambrui
Ninayo ya milimita 5, kwenye bamba, nambari imepigwa muhuri. Itabidi uikate vipande mwenyewe, na uhakikishe kunjo linakatisha mwelekeo wa mistari ya bamba, lisiende nayo sambamba. Bei nitakuandikia pembeni.