Kiongozi wa dini kumkemea mtawala sawa, ila kugawana vyeo kwa dini je?

Wadau, tulijadili hili bila kurushiana maneno. Uchaguzi ukikaribia tu, utasikia "msichanganye dini na siasa". Mara nyingi anayesema hivyo ni mwanasiasa aliyeguswa na mahubiri. Angesifiwa kwenye mimbari ile ile, angekaa safu ya mbele akiitikia.

Mimi naona kukemea ni haki. Askofu Desmond Tutu aliupinga ubaguzi wa rangi Afrika Kusini akiwa ndani ya joho lake, na alikuwa sahihi. Kinachonitisha ni dini kugeuzwa tiketi ya cheo. Tazameni Lebanon: kwa mapatano yasiyoandikwa ya 1943, rais huwa Mkristo wa Kimaroni (tawi la Wakatoliki wa huko), waziri mkuu Msuni, spika Mshia. Viti vya bunge viligawanywa kwa uwiano: kila sita vya Wakristo, vitano vya Waislamu. Sensa rasmi ya mwisho ni ya 1932, maana huko ukihesabu watu umehesabu vyeo. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vikapiganwa kuanzia 1975 hadi 1990, na mapatano ya kuvimaliza, Mkataba wa Taif wa 1989, yakafanya viti viwe nusu kwa nusu. Hesabu ilibadilika, mgao ukabaki.

Mchangiaji wa pili: Mleta mada, wewe bila shaka uko upande wa walio wengi. Mgao unaoubeza ndio unaompa mnyonge kiti. India iliandika kwenye utangulizi wa katiba yake mwaka 1976 kwamba dola haifungamani na dini. Mwaka 1992 umati wa Wahindu ukaubomoa Msikiti wa Babri kule Ayodhya. Maandishi yalimsaidia nani siku ile?

Mchangiaji wa tatu: Na hata hiyo "serikali haina dini" ina mambo yake. Ufaransa ilitenganisha dini na dola 1905, kisha 2004 ikapiga marufuku hijabu na alama nyingine za dini zinazoonekana wazi kwenye shule za umma. Binti anavuliwa mtandio getini, halafu mnaita uhuru.

Mleta mada: La msikiti limenigusa, nakiri. Katiba isiyo na askari wa kuisimamia ni karatasi. Lakini mchangiaji wa pili, huo mgao unamlinda mnyonge yupi hasa? Unailinda jumuiya na wakubwa wake. Lebanon mambo ya ndoa yako mikononi mwa mahakama za dini, ndoa ya bomani hakuna. Wapenzi wa dini mbili, kama hakuna anayetaka kubadili yake, wengi hupanda ndege kwenda kuoana Cyprus, wakirudi ndoa yao inatambuliwa. Hao kiti chao kiko wapi kwenye mgao wako?