Nichague mada gani ya memwari: ndege inayokula mafuta kidogo

Kutoka: mtoto wa Katuba, Liège

Jambo yenu wote, bapapa, bamama na bayaya, kaka na dada zangu wakubwa.

Niko mwaka wa mwisho wa uinjinia wa ndege hapa Liège. Promota, mwalimu anayenisimamia, anataka mada ya memwari, yaani tasnifu ya kumalizia masomo, kabla mwezi haujaisha. Amesema tu iwe kitu kinachohusu ndege zisizochafua hewa sana. Moyo wangu uko kwenye ndege ya umeme, kwa sababu kobalti ya betri inatoka kwetu, na baba kila tukipigiana simu anauliza kama kazi yangu itafaa Katanga hata kidogo. Wenzangu darasani wanakimbilia hidrojeni. Mwingine ananishauri umbo la bawa, eti ni rahisi. Kadi yangu ya ukaaji inaisha Oktoba, siwezi kuchelewa kumaliza. Aliyepitia njia hii anisaidie.

Kutoka: yaya wa Kamalondo, Toulouse

Mdogo wangu, usiache kobalti. Geuza swali.

Ukiandika "kubuni ndege ya umeme ya abiria 50", hesabu zitakukatalia wiki ya kwanza. Kilo moja ya mafuta ya ndege ina nishati ya karibu kilowati-saa 12. Seli nzuri ya betri leo ina wati-saa 250 hadi 300 kwa kilo, na ukishaifunga ndani ya kasha lake pamoja na vifaa vya kuipoza na kuzuia moto, unashuka hadi 200 hivi. Ni kweli mota ya umeme haipotezi nishati nyingi: asilimia 90 hivi ya inachopewa inafika kwenye propela, wakati injini ndogo ya turbopropu, yaani ya jeti inayozungusha propela, haifikishi theluthi. Hata ukishaihesabia betri faida hiyo, mafuta bado yanaishinda karibu mara 20 kwa kila kilo. Tena mafuta yanaisha njiani na ndege inazidi kuwa nyepesi. Betri inatua na uzito uleule iliorukia, kama gunia la makaa ulilopikia siku nzima na jioni halijapungua hata kilo. Ndiyo maana ndege ya umeme ya kwanza kupewa cheti na EASA, shirika la usalama wa ndege la Ulaya, yaani Pipistrel Velis Electro, Juni 2020, ni ya watu 2 tu, ya kufundishia marubani, na haimalizi saa nzima hewani.

Sasa uliza hivi: turbopropu ya haibridi, inayotumia mafuta na umeme pamoja, kutoka Lubumbashi kwenda Kalemie, betri yake lazima ifikie wati-saa ngapi kwa kilo ndipo ianze kuokoa mafuta? Swali hilo lina jibu. Likitoka 300, vizuri. Likitoka 700, nayo ni kazi halali, na hakuna jopo litakalokunyima alama kwa sababu namba haikupendeza.

Na hapo Katanga inaingia ndani ya hesabu zenyewe, haibaki pambo la utangulizi. Luano, uwanja wa ndege wa Lubumbashi, iko mita 1,300 hivi juu ya usawa wa bahari. Kwenye kimo hicho hewa ni nyepesi kwa asilimia 12 kuliko pwani, kabla hujaongeza joto la Oktoba. Injini ya mafuta inapumua hewa hiyo, kwa hiyo nguvu inapungua na ndege inakimbia mbali zaidi kabla ya kuruka. Mota ya umeme haipumui. Hapo kinachopoteza ni propela na bawa tu. Basi inawezekana umeme ukafaa kwa zile dakika za kuruka na kupanda, kisha mafuta yakashika safari iliyobaki. Pima hilo.

Upande wa pili kuna akiba. Ndege inabeba nishati ya kufika uwanja mbadala na juu yake dakika 30 za kuzunguka. Ulaya uwanja mbadala mara nyingi uko jirani. Kutoka Luano, Ndola iko kama kilometa 200, Kolwezi inazidi hapo. Kwa safari fupi kama ya Kolwezi, akiba inaweza kuwa kubwa kuliko safari yenyewe! Mimi ningeipa akiba sura nzima, maana hapo ndipo ndege nyingi za umeme zinazopendeza kwenye karatasi zinakwama.

Kuhusu kobalti: magari mengi yanahamia betri za chuma na fosfati ambazo hazina kobalti, kwa sababu bei yake ni ndogo. Ndege inahesabu kila kilo, kwa hiyo betri za nikeli na kobalti bado zina nafasi huko. Andika aya moja au mbili uishie hapo, ukiendelea itakuwa memwari ya mchumi.

Data ndiyo inayochelewesha watu. OpenConcept, programu ya bure iliyotoka Chuo Kikuu cha Michigan, ina mfano wa King Air, ndege ndogo ya turbopropu, iliyofanywa haibridi tayari, anzia hapo. Lakini ile benki ya data ya moshi wa injini ya ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, ambayo EASA wanaiweka wazi, haina turbopropu. Ina injini za jeti tu, zenye msukumo unaozidi kilonyutoni 26.7. Data za turbopropu zinatunzwa na FOI, taasisi ya utafiti wa ulinzi huko Sweden, na unaziomba kwa maandishi. Andika leo, hata kabla mada haijasainiwa.

Hidrojeni kwa kilo inabeba nishati karibu mara 3 ya mafuta, ila ikiwa kimiminika, kwenye baridi ya nyuzi -253, inadai nafasi mara 4. Tangi lake peke yake ni memwari. Airbus wenyewe wamesogeza mbele lengo lao la 2035. Bawa nalo ni mada nzuri kama maabara yenu ina handaki la upepo na zamu ya kulitumia utaipata kwa wakati.

Kutoka: tantine wa Kampemba, Grenoble

Mwanangu, yaya amesema ya injini, mimi niseme ya karatasi. Wakikupa staji, yaani mafunzo ya kazi, Ufaransa, uliza kwanza kama maabara iko kwenye ZRR, yaani eneo la kuingia kwa kibali cha usalama. Kibali hicho kinaweza kuchukua hadi miezi 2, na bila hicho hukanyagi mlangoni. Nimeona watoto wetu wakisubiri huku muda wa kadi unakwenda. Kampuni ikitaka usaini mkataba wa kutunza siri, uliza sura zipi utaruhusiwa kuonyesha, kwa sababu kesho ukitafuta kazi utahitaji kuwa na kitu cha kuonyesha. Na Ubelgiji ukishapata diploma unaweza kuomba miezi 12 ya kutafuta kazi, lakini ombi liingie kabla kadi ya mwanafunzi haijaisha.

Kutoka: mzee, Lubumbashi

Binti, nilifanya kazi ya mizigo Luano miaka mingi. Usitumie joto la wastani la mwezi. Mizigo ilikuwa inabaki chini saa nane mchana, asubuhi ndege ileile ilibeba yote. Chukua joto la saa kwa saa; taarifa za hali ya hewa za uwanja zipo wazi kwa jina la FZQA.

Kutoka: mtoto wa Katuba, Liège

Asanteni sana, nimesoma kila neno. Barua ya Sweden imeondoka leo. Kwa promota nimepeleka hivi: "Kiwango cha nishati ya betri kinachohitajika ili turbopropu ya haibridi iokoe mafuta kutoka uwanja wa juu wenye joto: Lubumbashi–Kalemie". Ameuliza kwa nini Kalemie na si njia ya Ulaya. Nimemjibu kwa hesabu ya akiba, akanyamaza, akaomba nimtumie kurasa 2 kufikia Ijumaa. Staji nitaifanya hapahapa chuoni, tantine, bila mkataba wa siri. Mzee, nikuombe jambo moja: ulipokuwa kazini, mchana wa Oktoba mlipunguza mizigo kwa kilo ngapi hivi, na kwa ndege za aina gani?