Tabora: nimehama kazi mara nyingi, huu ni utaalamu au ni historia tu?

Kijana_wa_Urambo:
Habari zenu wakuu, wakubwa zangu shikamooni. Nina jambo linanisumbua naomba mawazo. Mimi nilianza kazi Urambo nikimsaidia mteuzi wa tumbaku, yaani unashika jani, unaangalia rangi, unalisikia mkononi kama bado lina maji au limekauka mpaka linavunjika, ndo anapanga gredi. Baadae nikawa stoo ya chama cha msingi natunza marobota, nikatoka hapo nikaingia kwenye asali, nazunguka kwa wafuga nyuki Sikonge nakusanya na kukagua kabla haijapakiwa, na sasa niko Tabora mjini kwenye ghala la mahindi na maharage. Juzi kati nimeenda intavyuu ya mkuu wa ghala, mmoja wa jopo akapitia CV yangu akasema umegusa kila kitu, sasa wewe ni mtaalamu wa nini? Nilikosa jibu kabisa. Je nirudi shule nianze moja au hii miaka yote ina thamani?

DadaWaMwaloni (Kigoma):
Mdogo wangu marahaba, hebu soma tena ulichoandika. Tumbaku ni unyevu, robota likifungwa bichi linaota ukungu. Asali ni unyevu, ikizidi asilimia 20 ya maji inachacha. Mahindi ni unyevu, ukiyaingiza ghalani yamezidi asilimia 13.5 hapo unafuga fangasi na sumukuvu. Wewe umebadilisha mzigo tu, kazi ni ileile, kuzuia mali ya mkulima isioze kabla haijauzwa! Mimi nipo Kibirizi na dagaa, nakwambia mvua zikianza huku mtu anayejua kusoma hali ya hewa na kujua lini dagaa atolewe mchangani apandishwe kichanjani huyo ndo anauza, wengine wanapeleka dagaa wekundu sokoni. Kilichokukwamisha kwenye intavyuu ni kutaja vyeo, umewapa orodha ya sehemu ulizopita badala ya kuwaambia unajua nini.

Mzee_wa_Karakana:
Naheshimu alichosema dada ila siafiki yote. Mimi nimekaa karakana moja ya reli hapa Tabora karibu maisha yangu yote ya kazi, vichwa vya dizeli. Kuna vitu huwezi kuvijua kwa kupita. Unatengeneza leo kichwa kinatoka kinaenda Kigoma kinarudi vizuri, unajiona fundi, masika ya pili tatizo lilelile linarudi, ndo unagundua ulitibu dalili. Anayehama kila baada ya muda mfupi haoni kazi yake ilivyoishia, na mtu asiyeona mwisho wa kazi yake anajifunzia wapi? Kwahiyo kijana jiulize, kule ulikopita ulikaa mpaka ukaona matokeo, au uliondoka mzigo ukiwa bado stoo?
Ila niseme na upande wangu pia. Reli mpya inajengwa kuja huku, geji, yaani upana kati ya reli mbili, ni milimita 1435 wakati sisi tumezoea 1000, na vichwa vyake ni vya umeme. Vijana wangu wa karakana nawaambia waziwazi, anayejua kufungua na kufunga tu atapata shida, anayejua kwa nini breki inashika na kwa nini bearingi inachemka huyo atajifunza ya umeme na ataendelea.

Mwalimu_wa_Fani:
Mzee shikamoo, hapo mwisho umegusa penyewe. Wajapani wawili, Hatano na Inagaki, waliandika mwaka 1986 wakitenganisha utaalamu wa aina mbili, kuna wa mazoea, mtu anafanya haraka na kwa usahihi ila kazi ileile, na kuna wa anayeelewa sababu, huyo ukimbadilishia mazingira anatunga njia mpya. Kuhama kunaweza kukupa huo wa pili, lakini hakukupi bure, lazima uwe unauliza kwa nini kila unapofika.
Kuhusu shule, usianze moja. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi, wana urasimishaji wa ujuzi, unapimwa unachokijua tayari unapewa cheti, ila ni kwa fani za ufundi, uashi, useremala, magari, waulize kwanza kama yako ipo. Na kama unataka kwenda upande wa ununuzi na ugavi hapo ni PSPTB, bodi ya wataalamu wa fani hiyo, mitihani yao huwezi kuikwepa, mapema bora.

Kijana_wa_Urambo:
Asanteni sana, nimesoma mara mbili. Mzee, kwenye tumbaku nilikaa mpaka sokoni, niliona marobota yakikataliwa mbele ya mkulima aliyehangaika na bani la kukaushia tumbaku msimu mzima, ile kitu hainitoki na ndo maana hata leo siruhusu gunia liingie ghalani bila kupimwa hata kama ni la bosi. Asali pia niliona ndoo zinarudi. Maharage bado, ndo kwanza yameingia.

Mzee_wa_Karakana:
Marahaba mwalimu. Kijana, hayo ya marobota na ndoo ndo uyaandike juu kabisa ya CV. Na hapo ghalani usiondoke mpaka uone hayo maharage yametoka salama.

DadaWaMwaloni (Kigoma):
Hapo nakubaliana na mzee. Na ukiitwa tena wakikuuliza swali lilelile, waombe wakuoneshe ghala lao kwanza ndo uwajibu.