Nililipa 65,000 kumpandisha mzee wangu mawe ya Saanane, nikauziwa disko

Wakuu, salamu kwenu. Wasimamizi, naomba uzi huu msiuunganishe na ule wa matapeli wa mitandaoni, maana huyu wangu hakukimbia na hela. Alitupeleka kweli. Na hapo ndipo hasira yangu ilipo.

Wiki tatu nyuma kuna tangazo lilizunguka kwenye magrupu ya WhatsApp hapa Mwanza. Jumamosi ya Saanane: boti kwenda na kurudi, kiingilio, kutembea njia zote za kisiwani na mhifadhi, kupanda miamba, samaki mzima mchana, maji ya kunywa, vyote ndani. Sh 65,000 kwa kichwa. Jina la mwandaaji nalihifadhi kwa leo, ila yeye mwenyewe anajijua, na najua yumo humu anasoma.

Mimi naishi Kirumba mwaka wa kumi na moja huu, na Saanane nilikuwa naiona kama wengi wenu mnavyoiona: kile kisiwa cha mawe pale mbele ya Capri Point, unakipita kila siku na hukanyagi. Aliyenisukuma ni mzee wangu. Ana miaka 67, yuko Sengerema. Mwaka 1971, akiwa darasa la sita, shule yao ililetwa Saanane. Enzi hizo palikuwa bustani ya wanyama, ya kwanza nchini, ilianza 1964. Hiyo safari nimeisikia tangu sijajua kusoma: kivuko cha Busisi, lori, ugali uliofungwa kwenye kitambaa, harufu ya simba kwenye tundu, halafu mwalimu akawapandisha kwenye mawe ya juu na kuwaonyesha ziwa na mji kwa mkono. Mzee huwa ananyoosha mkono anapofika hapo. Kila mara, hivyo hivyo.

Kwa hiyo nililipa 130,000, yake na yangu. Nikamnunulia raba Makoroboi. Akaja Ijumaa, safari hii kwa daraja la Kigongo–Busisi, kilomita 3 juu ya maji, akashuka Mwanza anacheka peke yake kama mtoto, anasema amevuka ziwa hajafika hata nusu ya hadithi aliyokuwa anampigia jirani wa kiti.

Jumamosi. Tangazo lilisema saa 2 kamili asubuhi, Capri Point. Mzee alinitoa nyumbani saa 12 na nusu. Tukakaa. Saa 3, kimya. Saa 4 kasoro mwandaaji anashuka kwenye noa na miwani ya jua, mkononi spika ya kuchaji yenye ukubwa wa ndoo ya lita 20, ile inayowaka taa za rangi. Nikajisemea labda ni ya kutangazia. Nilikuwa mjinga, nakiri.

Kufika ofisini ikajulikana kwamba alikuwa ametoa taarifa ya watu 18. Tulikuwa 34. Na wale 18 wenyewe hakuwa amewalipia. Mnajua siku hizi malipo ya serikali ni kwa kontroo namba, hakuna cha kumpa mtu noti mkononi. Wahudumu wakamtolea namba upya. Jamaa anabonyeza simu, anabonyeza, halafu anatugeukia sisi: "Ndugu zangu, tuchangishane 5,000 ya dharura, jioni narudisha." Yaani tumeshampa 65,000 kila mmoja, na kiingilio cha Mtanzania pale ni sehemu ndogo sana ya hiyo, halafu anatukopa sisi wenyewe ili atulipie! Watu wakatoa. Na mimi nilitoa, mzee alikuwa ananiangalia. Hiyo 5,000 hadi naandika sijaiona.

Ikaja zamu ya boti. Jamaa anataka tupakiwe wote kwa mikupuo miwili, muda umeenda. Nahodha akakataa, akahesabu vichwa kwa majaketi okozi yaliyopo, yalipoisha akasema basi. Mwandaaji akaanza kufoka eti ni dakika chache tu, kisiwa si hicho hapo. Wakuu, mimi ni mtu wa huku. Tarehe 21 Mei 1996, siku meli ya MV Bukoba ilipozama na mamia ya watu, nilikuwa mdogo lakini nakumbuka mtaa mzima ulivyonyamaza. Mtu wa Mwanza anayemsukuma nahodha azidishe watu kwenye ziwa hili ama ni mgeni ama hana adabu. Yule nahodha nampa heshima zake hapa hadharani. Ni kati ya watu wawili waliofanya kazi yao siku ile.

Wa pili ni mhifadhi aliyetupokea kisiwani, kijana mpole, peke yake kwa watu 34. Akaanza vizuri. Kwamba jina limetoka kwa Mzee Saanane Chawandi aliyekuwa akilima na kuvua pale kabla kisiwa hakijachukuliwa kwa ajili ya wanyama. Kwamba mwaka 2013 pakawa hifadhi ya taifa, ndogo kuliko zote nchini, kilomita za mraba 2.18, na hapo maji yamehesabiwa humo humo. Mzee akawa anaitikia kwa kichwa, anaongezea na yake. Nikaona tumeanza. Spika ikawashwa.

Amapiano saa 5 asubuhi kwenye kisiwa cha pimbi. Mhifadhi akaomba izimwe. Ikapunguzwa. Akageuka, ikapandishwa. Mara tatu, nilihesabu. Ile sauti ikigonga kwenye majabali inakurudia, kwa hiyo unaisikia mara mbili. Pimbi waliokuwa wamejianika juu ya mawe walitumbukia kwenye nyufa wote kwa pamoja kama mtu amevuta kamba. Swala tuliowaona ni makalio yao. Mtu umelipa kuja kuona wanyama, halafu unatanguliza king'ora cha kuwafukuza, hiyo akili inatoka wapi?

Halafu picha. Sina ugomvi na picha, hata mimi ninazo. Lakini kuna dada watatu walikuja na begi la nguo za kubadilisha, na mpiga picha wao, na viatu vya kisigino kirefu vya kupandia mawe. Msafara mzima wa watu 34 unasimama jiwe moja unasubiri pozi. Mmoja akamrushia tumbili chipsi ili aingie naye kwenye picha. Tumbili hakutaka chipsi, alitaka mfuko wote, akaunyakua na mkoba juu. Kelele, kukimbizana, vicheko. Mhifadhi anaeleza kwamba tumbili akishazoea mkono wa mtu atamng'ata mtoto wa mwingine kesho, nani anamsikiliza? Kijana mwingine akavua shati anataka kujitosa majini, kisa joto. Ziwa lenye mamba, na kichocho juu yake. Mhifadhi akaacha msafara akakimbilia huko.

Sasa hapo katikati ndipo kilipo kilichonifanya niandike.

Wakati wenzetu wako kwenye pozi, mzee alikuwa amesogea pembeni, amesimama mbele ya jabali na fimbo yake. Nikamfuata. Alikuwa anamtazama mjusi. Wale wa kwetu, kichwa na mabega mekundu ya kuelekea zambarau, mwili wa chini buluu iliyokolea, anajisukuma juu chini kwa miguu ya mbele kama askari aliyepewa adhabu. Wataalamu wamempa jina la mji wetu, Agama mwanzae, ila mzee hakuhitaji hilo. Akasema, "Huyu alikuwepo." Basi. Akavua kofia akajifuta jasho, akaniuliza njia ya juu ni ipi.

Mhifadhi aliporudi kutoka majini nikamweleza habari ya 1971. Akafurahi sana, akamshika mzee kiwiko, wakaanza kupanda taratibu. Mzee anaweka fimbo, anajaribu jiwe, anapanda. Anapumzika. Mguu wake wa kulia una shida ya goti, lakini alikuwa anapanda. Nadhani walishafika theluthi ya njia, mimi niko nyuma yao, maji yameanza kuonekana juu ya miti. Ndipo tukasikia mwandaaji kupitia kipaza sauti cha ile spika: "Wote tushuke tule, boti linaondoka saa 8, atakayechelewa asilaumu!"

Ilikuwa saa 7 na dakika 10. Tangu tuanze kutembea hadi hapo, toa pozi, toa tumbili, toa mwogeleaji, sidhani kama tulitembea dakika 25. "Njia zote za kisiwani" tulizouziwa.

Nikashuka mbio kumwambia ampe mzee nusu saa. Akanijibu, na hapa namnukuu neno kwa neno: "Bro, kule juu hakuna kitu, ni mawe tu." Nikageuka, mzee alikuwa ameshaanza kushuka. Mzee wangu si mtu wa kugombana mbele ya watu. Aliitwa, akashuka. Akamwambia yule mhifadhi "wabeja", asante ya Kisukuma, akaenda kukaa kivulini na sahani.

Ya chakula sitaki kuirefusha. "Samaki mzima" alikuwa sato mmoja kwa watu watatu, wa baridi, na wali. Maji ya kunywa yaliisha kabla ya kunifikia. Na boti halikuondoka saa 8. Liliondoka saa 10 kasoro, kwa sababu mwandaaji na wale dada watatu walirudi kwenye mawe kupiga picha za tangazo la safari ijayo. Muda wa mzee kupanda na kushuka mara mbili!

Kwenye boti mzee alikuwa kimya, anaangalia nyuma. Tulipokaribia Capri Point akaniuliza, taratibu, kama anauliza bei ya kitu: "Sasa tulikwenda kufanya nini?" Sikuwa na jibu. Jumapili asubuhi akarudi Sengerema, ng'ombe hawana Jumapili.

Nilimpigia mwandaaji Jumatatu. Akasema kwa nini mimi tu nalalamika wakati wengine 33 wamefurahi. Jumanne akanitoa kwenye grupu.

NYONGEZA, saa 3 usiku: Naona wachangiaji mmechangamka. Aliyesema mleta mada ni mshamba hapendi muziki: mimi muziki naupenda, na baa zimejaa jiji hili, kwa nini uende kuupigia pimbi? Aliyeuliza wahifadhi walikuwa wapi: soma vizuri, mmoja kwa 34, ungekuwa wewe ungemkamata nani umwache nani.

Na nyie wa "ungeenda mwenyewe": hapo mmenipiga penyewe. Kweli. Unakwenda ofisi ya Capri Point, unapewa kontroo namba, unalipa kwa simu, boti linakuvusha chini ya dakika kumi, unatembea na mhifadhi kwa mwendo wa goti lako. Nilidhani kwa mtu mzima kikundi ni salama zaidi, kuna chakula, kuna wa kumsaidia. Nililipia usumbufu upungue. Akivuna mahindi nitamleta tena, siku ya kazi, sisi wawili.

Wewe mwandaaji, kwa kuwa umenitoa kwenye grupu na hupokei simu, nakuambia hapa mbele ya wakuu. Nataka 65,000 ya mzee, na zile 5,000 mbili za dharura. Namba yangu unayo. Ya kwangu baki nayo, kanunulie spika betri.