Kukaza misuli ya tumbo iliyoachana: je, misuli hukatwa?

Mama wa watatu:
Habari zenu. Uzazi wangu wa pili ulikuwa wa mapacha. Nikilala chali na kuinua kichwa, katikati ya tumbo panatokea tuta refu, na juu ya kitovu vidole vitatu vinazama. Mazoezi ya miezi minane yameniondolea maumivu ya kiuno, lakini nafasi hiyo haijafunga. Daktari amependekeza kuondoa ngozi iliyolegea na kukaza ukuta wa tumbo. Naomba kueleweshwa: misuli hukatwa? Na baadaye hushikiliwa na nini?

Daktari wa upasuaji:
Pole, mama. Misuli haikatwi. Kilichoharibika ni utando wa katikati, unaoitwa mstari mweupe, ambao umetanuka na kuwa mwembamba, ndiyo maana mazoezi yameimarisha misuli bila kuirudisha pamoja. Ngozi na mafuta vikishainuliwa hadi karibu na mbavu, huku kitovu kikiachwa kwenye shina lake, daktari huchora kwa wino kingo za ndani za misuli miwili iliyoachana, kisha hushona pamoja ala ngumu inayoifunika, kuanzia ncha ya mfupa wa kidari hadi kinena, na utando uliolegea hukunjwa ukabaki chini ya mshono. Uzi wa kushonea wa nailoni hauyeyuki, na mtu mwembamba anaweza kuyapapasa mafundo yake chini ya ngozi; uzi wa polidioksanoni huyeyuka kwa takriban miezi 6, na kufikia hapo kovu huwa limeshika. Kwa maoni yangu, kubwa zaidi ni sindano ikamate ala yenyewe, kwani ikikamata mafuta mshono utaachia. Tena usikazwe kupita kiasi: shinikizo la ndani likipanda, kupumua huwa kwa shida na damu hurudi polepole kutoka miguuni, hali inayoongeza hatari ya kuganda. Kwa sababu hiyo mgonjwa huhimizwa kutembea mapema.

Aliyefanyiwa mwaka juzi:
Wiki ya kwanza nilitembea nimeinama na kulala na mito chini ya magoti. Kukohoa ndiko kulikonitesa, mpaka nesi aliponifundisha kuukumbatia mto tumboni kwanza. Mkanda nilivaa wiki 6, na muda huo wote mwanangu alibebwa na dada yangu.

Mama wa watatu:
Ahsanteni sana. Je, nikipata mimba tena?

Daktari wa upasuaji:
Inaweza kuutanua mshono upya, hivyo ni vyema umalize kuzaa kwanza. Mwombe pia daktari wako akague kama una ngiri ya kitovu, kwa kuwa huambatana na hali hii mara nyingi na inaweza kurekebishwa katika upasuaji huohuo.