Mpango mkakati wa maktaba ya skuli: tuanzie wapi ili wanafunzi wajue kutafuta na kupima taarifa?

Mwalimu wa Jiografia, Wete

Assalaam alaykum, walimu na wakutubi wenzangu.

Ninafundisha Jiografia na Kiswahili katika skuli moja ya sekondari Wilaya ya Wete, na tokea muhula uliopita nimekabidhiwa pia chumba cha maktaba. Tuna makabati manne, vitabu visivyofika mia tano ambavyo vingi ni msaada kutoka nje, na kompyuta mbili ambazo moja tu ndiyo inayofanya kazi. Kamati ya skuli imenitaka niandike mpango mkakati wa miaka mitatu, na rasimu yangu ya mwanzo ilijaa meza, rafu, rangi ya ukuta na idadi ya vitabu vya kununuliwa.

Kilichonifanya niiweke kando rasimu hiyo ni kazi niliyowapa wanafunzi wa Kidato cha Pili kuhusu popo wa Pemba, mnyama asiyepatikana kwa asili yake pahali pengine popote duniani. Baadhi waliandika kuwa anakaribia kutoweka, wengine wakaandika kuwa yuko kwa maelfu, na hakuna hata mmoja aliyejiuliza kila taarifa iliandikwa lini. Kila upande ulikuwa na ukweli wake, kwani kufikia mwishoni mwa miaka ya 1980 popo hao walikuwa wamepungua vibaya kwa kuwindwa na kwa kukatwa misitu, kisha wakaongezeka wanavijiji walipoanza kuwalinda. Nilipokuwa nikisahihisha madaftari yale nilitambua kwamba hata ningekuwa na vitabu elfu mbili kosa lingebaki lilelile. Naomba mnisaidie: mpango wa namna hii huanzia wapi, nani autekeleze, na tutajuaje kwamba umefaulu?

Mkutubi mstaafu, Unguja Mjini

Waalaykumu salaam, maalim. Nimefurahi kuona kwamba swali lako limetoka katika madaftari ya wanafunzi, kwa sababu mipango mingi ya maktaba niliyoipitia katika kazi yangu ilitoka kwa fundi seremala.

Unachokitafuta kina jina lake katika fani yetu, nasi kwa Kiswahili tunaweza kukiita umahiri wa taarifa. Paul Zurkowski wa Marekani alianza kulitumia wazo hilo mwaka 1974, na mwaka 1989 Jumuiya ya Maktaba ya Marekani ikalieleza kwa namna ambayo hadi leo inatufaa: mtu mwenye umahiri huo hutambua pale anapohitaji taarifa, hujua kuipata, huipima, na huitumia ipasavyo. Ilani ya maktaba za skuli ya IFLA, yaani shirikisho la kimataifa la vyama vya maktaba, na UNESCO ya mwaka 1999 iliweka jambo hili ndani ya kazi za msingi za maktaba ya skuli. Mwongozo wa IFLA wa mwaka 2015 ukaenda mbali zaidi kwa kuihesabu kazi ya kufundisha kuwa kiini cha kazi ya mkutubi wa skuli, ikiwemo kuhamasisha usomaji, kuwaongoza wanafunzi katika uchunguzi, na kuwasaidia walimu wenyewe kujiendeleza.

Kwa hiyo usianze kwa kuhesabu vitabu. Anza kwa kuwapima wanafunzi. Chukua darasa moja la Kidato cha Kwanza na uwape jaribio la dakika arubaini: watafute neno katika kamusi, watumie faharasa ya kitabu kufikia ukurasa unaohitajika, waoneshe mwaka wa kuchapishwa, na wasome aya mbili zinazopingana kisha waeleze ni ipi wanaiamini na kwa sababu gani. Majibu yao ndiyo yatakuwa sura ya kwanza ya mpango wako, na ndiyo utakayoyarudia kila mwisho wa mwaka ili ujue kama mmesonga mbele. Kiashiria kinachosema "vitabu mia mbili vimenunuliwa" hakikuelezi chochote kuhusu mtoto. Afadhali uandike kwamba kufikia mwisho wa mwaka wa kwanza kila mwanafunzi wa Kidato cha Kwanza ataweza kutaja alikoipata taarifa yake na mwaka ilipoandikwa, katika kazi mbili za somo lolote.

Malengo yasizidi matatu kwa miaka mitatu, na kila lengo liwe na mhusika, muda na gharama yake, hata kama gharama ni sifuri. Kuhusu hatua za kufundisha, unaweza kuazima mfumo wa Eisenberg na Berkowitz wa mwaka 1990, ambao una hatua sita: kuielewa kazi, kuchagua njia za kutafuta, kuzifikia taarifa, kuzitumia, kuziunganisha, na mwisho kujitathmini. Wanafunzi wetu huruka hatua ya kwanza na ya mwisho, na mimi naamini makosa mengi huzaliwa hapo. Tenga kipindi kimoja cha maktaba kwa wiki katika ratiba, uzifundishe moja baada ya nyingine.

Jambo dogo la mwisho ni kwamba kwa vitabu mia tano huna haja ya kupoteza mwaka mzima ukiandika namba za Dewey, zile za kupanga vitabu kwa mada. Vibandiko vya rangi kwa kila somo vinatosha kwa sasa. Fedha itakayobaki itumie kuinua makabati yawe mbali na sakafu na ukuta, kwani unyevu wa masika na mchwa hula maktaba haraka kuliko wasomaji.

Mwalimu wa Sayansi, Mkoani

Nakubaliana na bwana mkutubi karibu katika yote, isipokuwa kipindi cha pekee cha maktaba. Katika skuli niliyokuwa nikifundisha zamani tulikuwa na mpango mzuri wenye kurasa nyingi, na kipindi hicho kiliwekwa kwenye ratiba kwa wino. Skuli ilikuwa na mikondo miwili, wa asubuhi na wa mchana, hivyo kila dakika iligombaniwa. Mitihani ilipokaribia kipindi kilichukuliwa na Hisabati, na hakikurudi tena. Mwaka uliofuata mwalimu aliyesimamia maktaba alihamishwa, ufunguo ukabaki kwa mtu asiyejua hata rejista ya kuazimia iko wapi, na kile chumba kikageuka kuwa ghala la madawati mabovu. Iliniuma, kwa sababu walikuwapo watoto waliokuwa wameanza kuzoea kuja kusoma.

Ushauri wangu ni kwamba umahiri huu uingizwe ndani ya kazi za masomo yaliyopo. Kazi yako ya popo ilikuwa kipindi cha maktaba, ila ilikosa hatua moja. Mwalimu wa Baiolojia na wewe wa Jiografia mkikubaliana kwamba hakuna kazi itakayosahihishwa bila mwanafunzi kutaja vyanzo viwili na mwaka wa kila kimoja, hakuna mtihani utakaoweza kuwanyang'anya kipindi hicho. Andika pia ndani ya mpango kwamba ufunguo utakuwa na watu watatu: wewe, mwalimu mmoja wa mkondo wa pili, na mwanafunzi kiongozi wa maktaba. Na unapopanga tarehe, kumbuka msimu wa karafuu, kwani mahudhurio hayawi yaleyale wakati familia ziko mashambani.

Mkufunzi wa walimu, Chake Chake

Naongeza mawili tu. Kwanza, vitabu vya msaada vipitiwe upya kimoja kimoja, na kile kilichopitwa na wakati kiondolewe bila huruma; mtoto anayefundishwa kupima taarifa hawezi kuzungukwa na rafu zenye taarifa zilizokufa. Kwa mengine, zungumza na maktaba ya Shirika la Huduma za Maktaba hapa Chake Chake, kwani kuwaleta wanafunzi thelathini wakaona katalogi na magazeti kunawafundisha mengi kwa siku moja.

Pili, wanafunzi wako tayari wanatafuta taarifa, lakini wanazitafuta katika simu za wazee wao, na siku hizi wanauliza programu za akili mnemba ambazo hujibu kwa Kiswahili safi hata zinapokosea. Mpango usioigusa simu utafundisha maktaba ambayo mtoto anaiacha mlangoni. Mpe kazi ya kulinganisha jibu la simu na kitabu, kisha na mzee wa kijiji chake anayekumbuka hali ilivyokuwa, na amtaje mzee huyo kama anavyotaja kitabu.

Mwalimu wa Jiografia, Wete

Nawashukuru sana. Nimekaa na mwalimu wa Baiolojia na mwalimu mkuu, na rasimu mpya ina kurasa nne tu. Lengo la kwanza ni kutaja vyanzo na mwaka, kwa Kidato cha Kwanza. La pili, katika mwaka wa pili, ni kulinganisha vyanzo vinavyopingana, na ndani yake tumeingiza simu na mahojiano na wazee. La tatu ni mwanafunzi wa Kidato cha Tatu kuandika uchunguzi mfupi kuhusu kijiji chake, ambao nakala yake itawekwa maktabani ili wadogo zake wausome. Bwana mkutubi anisamehe, kipindi cha pekee tumekiacha, ila hatua zake sita tutazibandika katika kila darasa kwa Kiswahili. Funguo tatu zimeshachongwa.

Jaribio la mwanzo tutalifanya Jumatatu. Kwa aya mbili zinazopingana nimechagua zilezile za popo, moja ya zamani na moja ya karibuni, lakini nimefuta miaka ili nione ni nani atakayeuliza. Je, bwana mkutubi, hilo ni sawa kwa jaribio la kwanza, au ni gumu mno kwao?

Mkutubi mstaafu, Unguja Mjini

Si gumu. Ila waambie mapema kwamba kuuliza kunaruhusiwa, kwa sababu wengi wao hawajawahi kuambiwa hivyo ndani ya chumba cha mtihani. Na aliyeuliza mwandikie jina lake pembeni, kisha uniandikie hapa walikuwa wangapi.