Kumzungusha kijana vyuo vya Boston kwa siku mbili

Habari za jioni ndugu zangu,
Kijana wetu yuko darasa la 11 na anataka uhandisi. Aprili tunatoka Columbus, Ohio, kumpeleka Boston akaone vyuo. Baba yake ameshapanga vyuo 6 kwa siku 2, na gari la kukodi. Mwenye uzoefu atusaidie.
Mama, Columbus

---

Dada, vizuri umeuliza mapema. Nimeishi huku Massachusetts miaka mingi, na mwaka juzi nilizunguka na binti yangu.

Mwambie shemeji, kwa heshima zote, vyuo 6 havitawezekana. Kila chuo kina kikao cha maelezo, halafu matembezi. Hesabu saa mbili hivi, bado chakula na safari. Viwili kwa siku vinatosha. Cha tatu mtoto anatembea tu, hasikii kitu.

Gari liacheni, maegesho hapa ni ghali mno. Treni inawafikisha kote, na pasi ya siku 7 mimi nililipa dola 22.50. Kwa uhandisi ningepanga hivi: siku ya kwanza Tufts na Northeastern, kwa sababu tangu Desemba 2022 treni ya kijani ya tawi la E inaanzia Medford/Tufts na kupita Northeastern, hambadilishi popote. Siku ya pili MIT asubuhi, mchana Boston University, ambavyo vimetenganishwa na mto Charles tu. Kule Northeastern mwacheni aulize sana kuhusu ile miezi 6 ambayo wanafunzi huenda kufanya kazi za kulipwa kwenye kampuni. Matembezi ni bure, ila jiandikisheni kwenye tovuti zao sasa hivi, nafasi za Aprili hujaa.

Epukeni Jumatatu ya tatu ya mwezi huo. Ni siku ya marathoni, hoteli zinapanda bei na baadhi ya vyuo havina masomo. Kama hamna budi, basi jitokezeni barabarani mkawashangilie vijana wetu.

Fedha. Kabla ya kukata tiketi, kaeni na kijana mfungue kikokotoo cha gharama kilicho kwenye tovuti ya kila chuo, kinakadiria familia yenu italipa kiasi gani. Sheria inawalazimu kuwa nacho. Bei ya jumla ya vyuo hivi inapita dola 80,000 kwa mwaka na inatisha, lakini siyo wanayolipa wote. MIT, kuanzia 2025, familia yenye kipato cha chini ya dola 100,000 na mali ya kawaida haitarajiwi kulipa chochote. Msikikate chuo kwa kuogopa ile bei ya juu.

Sasa la moyoni. Kwenye chuo kimoja mtoa maelezo aliwauliza watoto wanataka kusoma nini. Nikanyoosha mkono mimi, nikasema binti yangu anataka unesi. Aliinamisha kichwa. Kwenye treni hakunisemesha, vituo vyote vile, anakunja na kukunjua karatasi ya ratiba mpaka ikachanika katikati. Nilikuwa sijawahi kumuuliza.

Mchana tulikuwa na UMass Boston, chuo cha umma cha jimbo letu. Nikamwambia nenda peke yako, mama nakusubiri hapa nje. Chuo kile kiko baharini kabisa, ukikaa unaona ndege zinashuka ng'ambo ya maji. Alirudi baada ya saa nzima na zaidi, anaongea haraka haraka: maji, samaki, uchafuzi, mwalimu fulani na boti. Ndiko anakosoma sasa, sayansi ya mazingira. Sisi tunalipa ada ya wakaazi wa jimbo; ninyi wa Ohio mtatozwa ya wageni, kwa hiyo msifuate bei yetu.

Mwacheni atangulie na mwongozaji, ninyi mkae nyuma. Halafu aende bwaloni mwenyewe akale na wanafunzi.
Mama wa Dorchester

---

Dada, Mungu akubariki. Nimemsomea baba yake yote, gari amelifuta na vyuo viwili pia. Tukamwita kijana tukamuuliza. Kumbe anachotaka ni kutengeneza miguu ya bandia, tangu babu yake alipokatwa mguu Moshi. Hatukujua. Jana usiku amejiandikisha mwenyewe vyuo vyote vinne, na kwenye kila fomu ameandika hivyo.
Mama, Columbus